Njia Nilizozikata kwa Barua

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya mjini. Nilipanda mabasi mawili kutoka Wembley, na la pili likanishusha kituo cha mwisho, pale London inapokoma na malisho ya ng'ombe yanapoanza. Kutoka hapo nikatembea nusu saa kwenye tope. Mlinzi Mkuu wa msitu alikuwa amesimama langoni na mbwa wake. Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka miguuni, macho yakabaki huko.

"Kanisa liko ulikotoka," akaniambia.

"Mimi siendi kanisani, bwana. Mimi Mwislamu."

"Basi na msikitini hawatakupokea na tope hilo. Ingia."

Katika daftari langu la siku ile nimeandika kwamba alicheka. Nikisoma sasa sina hakika. Huenda hakucheka, nikaandika hivyo ili nipate moyo wa kurudi kesho yake.

Vijana wa jumuiya yetu wametuomba sisi wastaafu tuandike kazi zetu zilivyokuwa. Wenzangu wengi walikuwa wauguzi, madereva wa mabasi, wasafishaji wa uwanja wa ndege kule Hounslow, na kazi hizo mnazijua kwa sababu na nyinyi mnazifanya. Yangu hamuijui. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilitunza ardhi ya familia moja ya Kiingereza ili wanyama wa kuwindwa wakae humo, wazaane, na wawindwe kwa kiasi. Mimi niliishia darasa la sita, skuli ya kijijini, kwa hiyo mkiona mahali pamekaa vibaya, mjue ni kutojua kwangu, wala msitafute sababu nyingine.

Kazi niliipata dirishani. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli wakati huo, na unga nikinunua kwa Mhindi mmoja wa Mombasa mwenye duka Wembley. Watu walikuwa wakibandika vijikaratasi kwenye kioo cha duka lake: chumba kinapangishwa, baiskeli inauzwa. Siku moja akaniita.

"Simai, njoo usome hiki. Wanataka mtu wa kukata miti. Wewe si mtu wa shamba?"

"Mimi mtu wa mawe, bwana. Kwetu kusini ya Unguja ni mawe matupu."

"Basi miti utaiona laini," akasema, akanipa kile kikaratasi.

Nieleze kidogo hayo mawe, maana ndiyo yenye maneno yangu yote. Babu yangu, Mzee Mcha, alikuwa msasi, yaani mwindaji wa kwetu, wa nyavu na mbwa. Ukoo wetu ulikuwa na kipande cha msitu juu ya maweni, ardhi ya matumbawe ambayo jembe haliingii. Humo walikaa paa. Babu hakuruhusu mtu kukata mti mbichi mle, wala kutega nyavu bila yeye kuwapo. Kila mwaka alichagua siku chache za kusasi, wakapatikana paa wawili watatu, nyama ikagawiwa mji mzima, kisha msitu ukafungwa. Jike mwenye mimba akiingia wavuni, babu alimtoa kwa mikono yake akamwachia. Nilimwona mara mbili kwa macho yangu. Watu wanasema alifanya hivyo kila mara, lakini mimi nashuhudia hizo mbili tu.

Yakaja Mapinduzi. Mashamba ya mikarafuu yaligawiwa watu eka tatu tatu. Wako waliofaidika na wako waliopoteza, na mimi sitaki kuwasemea hawa wala wale. Mawe yetu hakuna aliyeyataka. Babu alifariki miaka michache baadaye, na mimi nikaondoka kwa meli kama baharia, nikiwa kijana ambaye hakusukumwa na mtu ila na hofu yake mwenyewe. Msitu nikamwachia mdogo wangu, Pandu. Nilimwambia, "Utunze, narudi." Nilidhani nasema habari ya miaka miwili.

Sasa nirudi kazini.

Mwenye ardhi alikuwa mzee mmoja aliyestaafu jeshi, sote tukimwita Meja. Msitu wake ulikuwa eka mia tatu na kitu, aliurithi kwa baba yake naye kwa baba yake. Ndani mlikuwa na mnyama ambaye mimi namwita kulungu, kwa kuwa sina jina jingine, ingawa si kulungu wetu. Pembe za dume lake hudondoka kila mwaka na kuota upya, pana kama kiganja cha mkono. Meja na jamaa zake waliwinda humo, na wageni wachache waliolipia. Kazi ya Mlinzi Mkuu ilikuwa kuhakikisha wanyama wapo, wana afya, na hawali msitu wote wakaumaliza. Kazi yangu ilikuwa kufanya anachosema Mlinzi Mkuu.

Kwanza alinifunza kukata. Kule msitu wa kulungu hautunzwi kwa kuuacha. Kuna miti midogo ambayo unaikata karibu na ardhi wakati wa baridi, kisiki kikachipua fito nyingi, na baada ya miaka kadhaa unarudi kukata tena. Kila mwaka kipande kimoja, ili siku zote pawe na mahali penye machipukizi mapya. Pili, unafungua njia pana zilizonyooka katikati ya miti, jua liingie, majani na maua yaote, wanyama watoke kula, na mwindaji aliye juu ya dungu awaone vizuri. Dungu mnalijua: ni kile kichanja cha kulindia shamba. La kwao lilikuwa na ngazi na kiti, vinginevyo ni lile lile.

Siku niliyoona uchungu kukata mti mzima, ulionyooka, Mlinzi Mkuu aliniona nikisita.

"Unaomba ruhusa kwa nani, Sam?" Jina langu alilifanya Sam tangu wiki ya kwanza.

"Kwetu mti mbichi haukatwi kwenye msitu wa wanyama."

"Mnyama hali miti. Mnyama anakula mwanga. Fungua juu, na chini kutaota. Kata."

Nikakata. Mwaka uliofuata mahali pale palikuwa na nyasi mpaka magotini, na kulungu saba wanakula. Nikaliandika neno lake daftarini: mnyama anakula mwanga. Nililiandika kwa herufi kubwa, na ole wangu.

Tatu, alinifunza kusoma. Unatazama miti ukaona mstari ambao majani yote yaliyo chini yake yameliwa, sawasawa kama umepigwa kwa rula. Ukiwa umekolea sana, wanyama wamezidi. Unahesabu mavi katika kipande kilichopimwa. Unajua upepo kabla hujajua njia. Kisha unakaa na Meja mezani, mnaamua wangapi wapunguzwe mwaka huo: majike wangapi, madume wangapi, yupi mzee, yupi mgonjwa. Hapo niliwaona Wazungu hawa wako karibu na babu yangu kuliko nilivyotarajia. Na wao walikuwa na siku zao, na wao walikuwa na wa kuachwa.

Si kwamba tulielewana kila kitu. Mwaka wangu wa tatu, mgeni mmoja, mganga wa meno, alipiga dume mwenye pembe nzuri. Hakufa papo hapo. Mimi nilikuwa karibu, kisu kiunoni. Nikakimbia, nikamwelekeza kibla kwa kukisia, nikapiga bismillahi, nikamchinja kooni, mkato mmoja safi kama nilivyofunzwa. Nikasimama nimejaa furaha. Mlinzi Mkuu akafika anahema.

"Umefanya nini?"

"Nimemchinja, bwana. Sasa analiwa."

"Alikuwa analiwa tangu jana! Hiyo shingo ilikuwa ya kutundikwa ukutani!"

Ndipo nilipojua kuwa mtu anayetaka kichwa cha ukumbusho huhitaji ngozi ya shingo nzima mpaka mabegani, na damu hutolewa kwa kuchoma chini, penye kifua. Yule mganga wa meno, nimpe haki yake, hakukasirika. Aliniuliza neno nililolitamka lina maana gani, nikamweleza, akavua kofia. Meja alipoambiwa aliamua mambo kwa sentensi moja: madume ya wageni ni ya Mlinzi Mkuu, majike ya nyama ni ya Sam. Tangu hapo kila baridi nilileta paja la halali Wembley, na wako wazee wenu walioonja pilau yake Sikukuu. Wengine walisema inanuka msitu. Waliomba waongezwe, lakini walisema.

Humo msituni mlikuwa na mnyama mwingine, mdogo, mgongo umepinda, asili yake Uchina. Wahenga wake walitoroka katika bustani za matajiri wakaenea. Mlinzi Mkuu hakumpenda. Mimi nilipomwona mara ya kwanza, alfajiri, anatoka kwenye miiba na kusimama na mguu mmoja juu, nilisahau niko wapi. Alikuwa paa. Nilijua si paa, lakini kifua hakikujua. Nikatoa sauti ambayo babu alikuwa akiwaitia, ya ulimi na meno, na akageuza kichwa. Kisha akarudi kwenye miiba. Nilikaa pale hata jua likawa juu, nikachelewa kazini, na nikamwambia Mlinzi Mkuu kwamba basi lilikawia. Uongo huo sikuuandika daftarini. Nauandika hapa.

Kuanzia siku ile nilikuwa na msitu mmoja mikononi na mwingine kichwani. Nilipanga kwamba siku nikistaafu nitajenga kibanda cha vyumba viwili ukingoni mwa maweni, nikae barazani asubuhi, paa watoke. Basi. Sikutaka hata kuwawinda. Mke wangu, Zuhura, ambaye nilimwoa hapa London lakini ni mtu wa Makunduchi, alikuwa akinicheka.

"Wewe ulishaoa kabla yangu. Umeoa paa."

"Paa hanipigii kelele."

"Hakupigii kelele kwa kuwa hujui hata kama yuko hai!"

Alisema kwa mzaha, lakini lilinichoma. Nikamwandikia Pandu kumuuliza. Wakati ule nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa Msaidizi wa Mlinzi, nina koti lenye vifungo vya shaba na ufunguo wangu wa chumba cha bunduki. Pandu akajibu kwamba paa wapo, ila wanaonekana kwa nadra kuliko zamani. Barua ilikuwa fupi na haikuniomba ushauri. Hilo nataka lieleweke: hakuniomba.

Nikakaa mezani jikoni usiku mbili nikamwandikia kurasa nne. Nikamchorea msitu wa babu kama nilivyoukumbuka. Nikamchorea njia tatu, upana wake hatua nane, zinakutana katikati kwenye uwazi kama kiwanja. Nikamwambia akate ile miti ya mikaaga iliyosongamana, afungue juu, chini kutaota. Nikamwandikia lile neno la Mlinzi Mkuu. Nikatia sahihi, na chini ya jina langu nikaandika cheo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. "Kaka, shikamoo. Imefanyika kama ulivyosema. Watoto hawajambo. Wako mdogo, Pandu."

Sijui niwaelezeje jinsi nilivyofurahi. Barua ile niliiweka mfukoni mwa koti la kazi. Kila nilipofyeka njia huku, nilikuwa nafyeka ile ya kule. Nilijua mahali jua litakapoingilia, nilijua kwenye njia ya pili kutakuwa na jiwe kubwa mkono wa kushoto, nilimwona paa akitoka kando ya jiwe hilo. Miaka ikaenda hivyo, mingi. Mlinzi Mkuu aliugua mgongo akaacha kazi. Siku ya kuondoka alinipa darubini yake, akasema, "Usiipake mafuta, uifute tu," akaenda. Meja akafariki. Ardhi ikashikwa na binti yake, mwanamke wa maneno machache ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu. Yeye ndiye aliyenifanya Mlinzi Mkuu. Wako waliosema kijijini kwao kwamba si sawa, na wako walioniletea keki. Nimeyaandika yote mawili.

Binti Meja ndiye aliyeniuliza siku moja, tukihesabu mavi:

"Sam, nyumbani kwenu ulikwenda lini mara ya mwisho?"

"Sijaenda."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka."

Alinyanyua kichwa, akaniangalia kama aliyeona jibu lisilolingana na hesabu. Mwanzoni nilikuwa naogopa kurudi, kisha nikawa sina nauli, kisha nikawa na watoto skuli, na mwishoni, nadhani, nilikuwa naogopa kwa namna nyingine. Akanipa likizo ya mwezi mzima, baada ya msimu wa kuwinda.

Pandu alinipokea na mvi kichwani. Nilimwacha hana ndevu. Tulilia kidogo, tukala, na asubuhi ya pili nikamwambia tuende msituni.

Njia zilikuwepo, zote tatu. Hatua nane. Nilizipima. Zilikuwa safi kuliko zangu za London. Pandu na wanawe walizifyeka kila mwaka, bila kukosa, kwa mapanga, juu ya matumbawe yanayokata miguu. Kiwanja cha katikati kilikuwa cha duara. Na hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa limeingia kweli, likapiga mawe, na mawe yakawa meupe. Nyasi chache kavu. Nilitafuta mavi, nilitafuta nyayo kwenye vumbi. Nyayo za mbwa zilikuwepo.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu alfajiri na darubini. Na ya tatu. Na ya nne. Siku ya tano Pandu alinifuata na chupa ya chai, akaketi kando yangu.

"Kaka, hawapo."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Kwa sababu gani?"

Akamimina chai. Alinipa mimi kwanza.

"Babu alikuwa akisema nini kuhusu kima?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Nilikumbuka pale pale. Paa wa kwetu hali nyasi. Paa hufuata kima. Kima wakila juu, matunda na maua na majani huanguka, na paa yuko chini anaokota. Babu akitaka kujua paa walipo alikuwa akitazama juu, hatazami chini. Na kima havuki uwazi wa hatua nane kama ana njia nyingine. Hupita juu, tawi kwa tawi, na matawi niliyakata mimi.

"Kima walihama mwaka wa kwanza," Pandu akasema. "Paa waliobaki wakawa wanavuka njia. Watu wa mbwa wakaona, wakawa wanakaa pale mwisho wa njia wanangoja. Kisha wakaja wa kuni, maana njia ilikuwepo. Niliwafukuza. Huwezi kumfukuza kila mtu."

"Ulijua wakati unakata?"

Akafunga chupa ya chai. "Nilidhani."

"Basi kwa nini hukuniambia, Pandu? Wallahi ungeniandikia mstari mmoja!"

"Nikuandikie nini? Wewe mkubwa. Wewe umefanya kazi ya wanyama Ulaya, una cheo. Kurasa nne na michoro. Mimi ni nani nikwambie kima?" Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Nikasema labda kaka kajua jambo ambalo babu hakulijua."

Nimejaribu kuwa mwadilifu katika hili, na kwangu mwenyewe pia. Miaka ile watu waliongezeka, mkaa ulihitajika, na misitu isiyokatwa njia hata moja nayo ilipoteza paa. Huenda wangeondoka tu. Mtu mmoja wa ofisi ya misitu aliniambia hivyo, na alikuwa amesoma. Lakini ng'ambo ya kijiji, kwenye maweni ambayo hakuna aliyewahi kuyaandikia barua, Pandu alinionyesha mavi mabichi, kama punje za kunde, chini ya mti uliojaa kima.

Nilirudi London. Asubuhi ya kwanza kazini nilimwona yule mdogo wa Kichina. Alitoka kwenye miiba, akasimama, akarudi kwenye miiba. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa namtazama akifanya hivyo. Hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye njia zangu. Alizivuka mbio. Yalikuwa mbele ya macho yangu, na nimeyaandika daftarini kwa mkono wangu, ukurasa baada ya ukurasa: "mdogo, amevuka haraka".

Binti Meja aliniona sifanyi kazi vizuri. Akaniuliza, nikamweleza yote, nikidhani atanipa pole. Hakunipa. Akanipeleka upande wa mashariki wa msitu, mahali ambapo tulikuwa tumetumia miaka kung'oa misonobari.

"Hii alipanda babu yangu," akasema. "Alisoma kwenye kitabu. Iliua kila kitu chini yake. Baba alianza kuitoa, mimi bado naitoa."

"Babu yako alijua kwamba alikosea?"

"Hapana. Alikufa anajivunia." Kisha akauliza, kama mwalimu, "Ndugu yako anasema kifanyike nini?"

Nilikuwa nimekwisha anza kupanga, kichwani, miche gani ikapandwe kwenye njia zile, kwa mistari gani, kwa nafasi gani. Sikuwa nimemuuliza.

Jioni ile nilimpigia simu. Nikasema, "Pandu, wewe unaonaje?" Nadhani lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kumwuliza tangu tuzaliwe.

"Mimi ningeziacha," akasema.

"Bila kupanda kitu?"

"Bila kupanda. Bila kufyeka. Msitu una miguu yake. Wewe umezoea kufanya, kaka."

"Na mbwa? Na watu wa kuni?"

"Hilo ndilo langu. Nitakaa mlangoni mwa njia miaka miwili mitatu, miiba ikianza italinda yenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe una haraka gani?"

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na miaka sitini na moja na kibanda cha vyumba viwili kichwani. Nikamwambia aziache.

Nilistaafu miaka minne baadaye. Binti Meja alikuja mwenyewe kunifungulia lango nikitoka, jambo ambalo si desturi, na darubini nikamwachia mlinzi mpya, msichana hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Nilimpa na daftari zangu zote za upepo na hesabu. Nilimwambia ninayoyajua, na kila nililomwambia nililifungia kwa maneno "kwa msitu huu". Alidhani ni namna yangu ya kuzungumza.

Naishi Wembley, ghorofa ya pili. Magoti yameharibika kwa miaka ya kukaa juu ya dungu kwenye baridi, na sikio la kulia limekwenda na bunduki. Mkiniuliza kazi ilikuwa nzuri, nasema ilikuwa nzuri, na walionifunza walinifunza kweli kwa msitu wao. Makosa yangu wasitwishwe wao. Kibanda sikujenga. Niliona kwamba nikijenga ukingoni patahitajika njia ya kufikia, na mtu wa kuchota maji, na moshi. Zuhura aliniambia, "Basi tutakaa kwa dada yangu tukienda." Tumekwenda mara moja. Magoti hayakunifikisha maweni.

Mwezi uliopita Pandu alipiga simu. Naye sasa ni mzee, anapiga kelele kwenye simu kana kwamba London ni ng'ambo ya barabara.

"Kaka, shikamoo!"

"Marahaba. Vipi?"

"Leo nilikwenda kuangalia njia yako ya kwanza."

"Enhe?"

"Sikuingia. Nilifika na panga, nikajipinda, nikatambaa, shati limeraruka mgongoni, nikarudi. Ya pili vile vile. Ya tatu hata mlango wake sikuuona."

"Kima?"

"Nimewasikia. Wako juu, wanaangusha vitu."

Nikashindwa kuuliza, kisha nikauliza. "Na paa?"

"Kaka, mimi nitajuaje?" akapiga kelele. "Nakwambia sikuweza kuingia!"

Nilicheka mpaka Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi, akadhani nimepatwa. Nikamwambia hapapitiki. Nikamwambia, hata mimi nikishuka uwanja wa ndege leo, nikabebwa mpaka ukingoni, na magoti yangu ya ujanani, sipiti.

"Sasa hiyo ni habari njema au mbaya?" akaniuliza.

Nikamwambia ni njema. Nilimwambia mara mbili, na mara ya pili ilibidi nikae.